Mkanda wa kiunoni si tiba

Wanaovuka Busia, Mutukula au Gisenyi na mizigo kichwani na mgongoni wanaijua hali hii: kiuno kinakaza, mguu unashikwa ganzi, kisha vidonge viwili vya diklofenaki vya dukani na safari inaendelea. Dawa hiyo hutuliza, lakini ikimezwa kila siku bila daktari huweza kudhuru tumbo na figo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mazoezi maalumu, elimu kwa mgonjwa na kukandwa na mtaalamu. Mikanda ya kiunoni, ile ile inayouzwa sokoni kwa bei ya juu, haukuipendekeza.

Hiyo ndiyo kazi ya fiziotherapia, isiyohitaji kisu. Ila huduma yenyewe iko zaidi katika hospitali kubwa, na mchuuzi akienda huko biashara ya siku imepotea. Serikali za Jumuiya zipeleke wataalamu hawa kwenye zahanati za mipakani, walau siku za soko. Vituo vya huduma za pamoja vilijengwa ili lori lisicheleweshwe. Mbebaji naye ahesabiwe.

Wewe msomaji usisubiri serikali. Mguu ukipoteza nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.