Mwalimu, Muulize Anateka Wapi

Mwalimu, kabla hujamsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumwambia akapige mswaki, muulize kwanza nyumbani kwao wanateka maji wapi. Akikutajia Maji ya Chai, Ngurdoto au Oldonyo Sambu, huku kando ya Mlima Meru, mwambie akae, na umwombe radhi.

Madoa yale ya kahawia kwenye meno yake si uchafu. Taji la jino la kudumu la mbele hujengwa ndani ya taya tangu mtoto ana miezi michache hadi miaka minne au mitano. Miaka hiyo yote anakunywa uji uliopikwa kwa maji yaliyopita kwenye mawe ya volkano ya Mlima Meru, yamejaa floridi. Floridi ikizidi huvuruga chembe hai zinazojenga enameli, ganda gumu la jino. Ganda linatoka na vitundu visivyoonekana kwa macho, limepauka kama chaki. Jino likishaota, rangi inaingia humo na kukaa. Chembe zilizolijenga zimeshakufa. Msugue mtoto hadi fizi zitoke damu, hazirudi.

Najua zipo sababu nyingine: kuzaliwa njiti, utapiamlo, homa kali za utotoni, dawa ya tetrasaiklini. Lakini hizo humpata mtoto huyu na kumwacha wa jirani. Kijiji kizima kikiwa na meno ya rangi moja, kwa nini tunamhoji mama mmoja mmoja?

Tuwahoji waliopanga viwango! Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania tuliruhusu 8 vijijini, tukasema ni kwa muda. Baadaye ikawa 4. Watoto wa "muda" huo leo ni watu wazima wanaocheka wamefunika mdomo kwa kiganja, na wapo ambao floridi ilipita meno ikaipinda miguu yao. Tuliambiwa maji mengine hayapo. Siikubali hoja hiyo hata kidogo. Pale pale Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo kilichochunguza kwa miaka jinsi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unavyonasa floridi. Ujuzi upo kijijini, na ndoo bado zinajazwa mtoni.

Mama zangu, nanyi nawaomba: kuchemsha hakuiondoi, maji hupungua, floridi ikabaki. Na magadi ya kuokota mnayolainishia maharage na makande nayo huibeba. Chakula cha mtoto mdogo kipikeni bila magadi, hata kama kuni zitaongezeka.

Serikali haina udhuru huo wa kuni. Kila masika mabati ya madarasa yanamwaga maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi kabisa, yanaishia mtaroni. Fungeni mifereji, wekeni matangi, anzeni na zahanati na shule za awali. Mtoto aliyezaliwa wiki hii Maji ya Chai, meno yake ya kudumu ya mbele bado hayajaanza kupata enameli.