Je, Yafaa Kuvaa Barakoa Mahali pa Wazi?

Mkulima mmoja wa hapa Borabu alinisimamisha njiani akitoka kupeleka maziwa. Akaniuliza: "Bwana, siku zile za Korona tuliamriwa kuvaa barakoa hata barabarani, hata mtu akiwa peke yake na ng'ombe wake. Baadaye tukaambiwa tunaweza kuzivua. Je, ugonjwa wa namna ile ukija tena, tuvae tukiwa nje, au ilikuwa kazi bure?" Nilimwahidi kumjibu katika gazeti hili, kwa kuwa najua kuwa wako wengi wenye swali kama lake.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Shambani na njiani, mtu akiwa peke yake au mbali na wenzake, barakoa haina kazi kubwa. Mahali pa wazi penye msongamano, ina kazi. Ndani ya nyumba, ndani ya gari na ndani ya kanisa, ina kazi kubwa kuliko pote. Makosa yetu ni kwamba wengi wetu tulifanya kinyume: tulivaa barabarani, tukavua tulipoingia katika nyumba za watu. Sasa nitaeleza sababu za maneno yangu.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali ilitoa kanuni kwamba kila mtu aliye mahali pa watu wote avae barakoa, tena akae mbali na mwenzake kwa mita moja au zaidi. Mwenye kuvunja kanuni hizo aliweza kutozwa faini hadi shilingi 20,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Mkulima wa chai anajua uzito wa fedha hizo: kwa malipo ya kwanza ya siku zile, ni majani mabichi zaidi ya kilo 1,000. Amri ya kuvaa mahali pa wazi iliondolewa tarehe 11 Machi 2022, na Waziri wa Afya wa wakati ule, Bw. Mutahi Kagwe, akawahimiza watu waendelee kuvaa wanapokuwa ndani pamoja na wengine. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Katika Kenya vifo vilivyohesabiwa vilikuwa zaidi ya 5,600. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya jambo la mzaha.

Sasa tutazame jinsi ugonjwa ule unavyosafiri. Hapo mwanzo wengi walidhani kwamba unasafiri zaidi kwa matone makubwa ya mate, ambayo mtu akikohoa huanguka chini karibu naye. Baadaye wataalamu waliona kwamba pumzi ya mgonjwa inatoa pia chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, nazo huelea hewani kwa muda mrefu.

Ili kuelewa jambo hili, fikiri juu ya moshi wa jikoni. Mama akiwasha kuni mbichi jikoni, na mlango na dirisha vimefungwa, haupiti muda kabla kila aliyemo hajatokwa na machozi, hata yule aliyekaa pembeni kabisa. Chukua moto ule ule uutoe uani. Moshi ni ule ule, lakini upepo unauchukua, na mtu aliyesimama hatua chache kutoka hapo hapati shida. Lakini hata uani, ukiinama juu ya moto na kukaa hapo kwa muda, macho yatawasha. Pumzi ya mgonjwa ni kama moshi huo. Ndani inajaa, nje inatawanyika, na karibu sana inakufikia popote ulipo.

Maneno haya hayakutoka jikoni tu. Wataalamu waliokusanya habari za maambukizo kutoka nchi mbalimbali waliona kwamba yaliyotokea nje yalikuwa machache, chini ya moja katika kila kumi. Yaliyobaki yote yalitokea ndani.

Hapo mkulima mwingine atadakia na kusema: "Basi sisi wa shamba hatuna neno! Kazi yetu yote iko nje, na upepo wa milima yetu ni mwingi. Ugonjwa huo ni wa watu wa mjini." Ndugu yangu, ngoja kidogo. Maneno hayo yalisemwa sana hapa kwetu mwaka 2020, nami nilikuwa mmoja wa waliotikisa kichwa kuyakubali. Kisha ukafika mwezi wa Juni 2021. Tarehe 18 ya mwezi huo serikali ilitaja kaunti 13 za upande wa magharibi na Nyanza ambako ugonjwa ulikuwa umepanda sana, na ndani ya orodha hiyo zilikuwamo Kisii na Nyamira, pamoja na majirani zetu wa Bomet na Kericho. Kafyu ikawa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na masoko yasiyo ya chakula yakasimamishwa pamoja na minada ya mifugo. Mkulima aliyekuwa na ndama wa kuuza ili alipe karo alibaki naye nyumbani.

Ni nini kilichotuingiza katika orodha hiyo, sisi watu wa mahali pa wazi? Katika makazi ya Borabu shamba la mtu ni kubwa kuliko mashamba ya sehemu nyingine za Gusii, na nyumba ziko mbalimbali. Mchuma chai akiwa katika mistari yake hamsogelei mwenzake. Ukipita Nyansiongo asubuhi utaona hayo kwa macho yako. Hakika si shamba lililotupeleka huko.

Jibu lilikuwa katika yale tuyafanyayo baada ya kutoka shambani. Tunapanda matatu ya kwenda Keroka au Kisii mjini tukiwa tumebanana, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Jioni baridi ikiingia, jamaa wote wanakusanyika jikoni na mlango unafungwa. Siku ya ibada tunaimba kwa nguvu ndani ya kanisa dogo. Na mtu akifa, tunajaa katika nyumba ya matanga usiku kucha.

Juu ya matanga nitawaambia jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka huo wa 2021 nilihudhuria mazishi ya mzee mmoja tuliyemheshimu. Mchana tulikaa uani, viti vimetengwa, upepo unavuma, na kila mtu amevaa barakoa kwa sababu tuliambiwa maofisa watapita. Jioni maofisa walikuwa hawapo, na mvua ikanyesha. Tukaingia nyumbani watu wengi, tukafunga mlango, tukavua barakoa ili tunywe chai na kuzungumza. Hatukuzivaa tena mpaka asubuhi. Siku chache baadaye watu kadhaa waliokuwa katika chumba kile walikuwa wakikohoa, na mama mmoja mzee alipelekwa hospitali naye hakurudi. Siwezi kuapa kwamba alishikwa na ugonjwa usiku ule. Lakini tangu siku hiyo nimejua kwamba tulikuwa tumevaa barakoa kwa ajili ya ofisa, wala hatukuvaa kwa ajili ya mama yule.

Kwa hiyo naona kuwa amri ya kuvaa kila mahali, ingawa ilitolewa kwa nia njema, ilikuwa na hasara yake. Najua wanaoitetea wana sababu. Wanasema kwamba amri fupi ni rahisi kukumbukwa: vaa utokapo, vua urudipo. Wanasema pia kwamba mtu akiwa tayari amevaa barabarani hatasahau atakapoingia dukani. Sababu hizo nazikubali kwa mwaka 2020, wakati ambapo ugonjwa ulikuwa mgeni na hakuna aliyeujua vizuri. Mtu akisikia mnyama gizani, hangoji kumtambua kabla hajashika fimbo.

Lakini kulipopambazuka na kuonekana mnyama ni yupi, ilifaa watu waambiwe. Mkulima si mjinga. Ukimlazimisha kuvaa kitambaa akipanda kilima peke yake na kikapu cha chai mgongoni, anaona kwa akili yake kwamba hakuna wa kumwambukiza wala wa kuambukizwa. Jasho na mvua vinakilowesha kitambaa, pumzi inakuwa nzito, na kikilowa hakifanyi kazi yake vizuri. Basi anakishusha kidevuni. Tena anaanza kudhani kwamba maneno yote ya Bwana Afya ni ya namna hiyo, na hata anapoambiwa avae ndani ya matatu, mahali penye hatari kweli, hasikii. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa. Imani ya watu ni kama udongo wa mteremkoni. Ikichukuliwa na maji, hairudi kwa msimu mmoja.

Wako na wengine wanaosema kwamba barakoa haifai kitu popote, ni mapambo tu. Hao nao wamekosea, tena kosa lao ni baya zaidi. Barakoa hupunguza chembe zinazotoka kwa mgonjwa, na hupunguza zile zinazoingia kwa mzima. Haizizuii zote. Lakini hata shimo la kuoshea mifugo haliui kila kupe, na hakuna mfugaji mwenye akili anayeacha kuosha ng'ombe kwa sababu hiyo. Neno muhimu ni kwamba ifunike pua na mdomo pamoja, na ikae vizuri mashavuni. Ile iliyoacha pua nje ni kama boma lililofungwa mlango mmoja na kuachwa wazi wa pili.

Basi, ugonjwa wa hewa wa namna ile ukija tena, mimi nitafanya hivi, nami nawashauri wenzangu wafanye vivyo hivyo mpaka wataalamu watakapotuambia lililo bora kuhusu ugonjwa huo mpya:

Shambani, malishoni na njiani, nikiwa peke yangu au na watu wa nyumba yangu, sitavaa. Barakoa itakaa mfukoni, kavu na safi.

Katika kituo cha chai, wakati tunapopanga mstari bega kwa bega kusubiri kupima majani, nitavaa, ingawa pande za banda ziko wazi. Kadhalika katika soko la Daraja Mbili au Keroka siku watu walipojaa, na katika mnada wa ng'ombe ambapo mtu husemezana na mwenzake uso kwa uso mpaka bei ipatikane. Nikiweza kurudi nyuma hatua mbili tatu, nitafanya hivyo kwanza.

Ndani ya matatu, dukani, kanisani na katika chumba cha kungojea hospitalini, nitavaa bila kuangalia kama ofisa yupo. Na dirisha nitalifungua, hata kama mwenzangu atalalamika juu ya baridi.

Nyumbani kwa wazee, nitatoa viti nje. Hili ndilo ningependa wasomaji walishike kuliko yote. Mtoto akija kutoka Nairobi kuwasalimu babu na nyanya, haifai awafungie jikoni wakae naye mlango umefungwa. Akae nao chini ya mti, chai iletwe hapo, wazungumze mpaka watosheke. Hewa ya nje ni dawa isiyouzwa, na sisi watu wa makazi tumejaliwa kuwa nayo tele. Matanga nayo yafanywe uani chini ya turubai lililo wazi pande zote, na watu wasilale wamejazana ndani. Hatutakuwa tumevunja heshima ya marehemu kwa kuwalinda waliobaki.

Na kama serikali itatoa amri, tuitii, kwa maana sheria ni sheria. Lakini nawaomba nao wanaotoa amri watueleze sababu, na wakipata elimu mpya wasichelewe kuibadilisha amri. Mkulima aliyefundishwa na Bwana Shamba kwa nini mbolea iwekwe hivi na si vile, ataiweka hivyo hata Bwana Shamba asipokuwapo. Jambo la afya ni vivyo hivyo.

Ndugu yangu uliyenisimamisha njiani, jibu lako ndilo hilo. Ukiwa na ng'ombe wako barabarani, iache mfukoni. Ukifika kwenye mlango wa nyumba ya watu, itoe uivae.