Mawe ya Shinkolobwe yako makumbushoni, watoto wake je?

Anayetaka kuona uzuri wa Shinkolobwe si lazima afike Likasi. Mawe ya mgodi huo, ya manjano kama kiini cha yai, ya kijani na ya rangi ya chungwa, yamewekwa nyuma ya vioo katika makumbusho ya Ulaya, ikiwemo Ubelgiji. Urani yake ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Dunia inaijua Shinkolobwe kwa vilivyotolewa chini ya ardhi. Wanaoishi juu ya ardhi hiyo hawajulikani, na asiyejulikana kuliko wote ni mtoto mwenye trisomia 21.

Mtoto huyo hubebeshwa mzigo usio wake. Kwingi nchini husemwa ni uchawi. Karibu na mgodi kama huu ni rahisi kuongeza sababu ya pili: urani. Maelezo yote mawili yanamgeuza mtoto kuwa ushahidi wa kosa la mtu mwingine, na ushahidi hufichwa ndani ya nyumba.

Ukweli ni mwepesi zaidi. Mwenye trisomia 21 amezaliwa na kromozomu tatu za namba 21 badala ya mbili, jambo ambalo watafiti wa Paris walilieleza mwaka 1959. Hali hiyo hutokea penye migodi na pasipo migodi, kwa matajiri na kwa maskini, na uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga. Kuhusu uchawi, kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshitaki mtoto kwa jambo hilo. Madhara ya migodi kwa afya ya wakaaji wa Katanga ni swali zito linalohitaji wachunguzi, lakini mtoto huyu asigeuzwe kuwa jibu lake.

Anachohitaji ni nafasi ya kufanya kitu ambacho jirani atakitazama na kusema: hii ni kazi ya fulani. Hapo ndipo sanaa inapoingia.

Wenye trisomia 21 huwa na misuli milegevu, na maneno mara nyingi huchelewa kutoka. Lakini wengi hujifunza vizuri zaidi kwa kuona kuliko kwa kuelezwa. Udongo wa kufinyanga na brashi yenye mpini mnene huimarisha vidole. Mwalimu anahitaji kurudia, kusubiri, na kutomshika mwanafunzi mkono ili achore anachotaka mwalimu.

Njia hiyo si ngeni Katanga. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na akakataa kuwafundisha wanafunzi wake kuiga Wazungu. Bela, aliyekuwa mlinzi wake, alichora kwa ncha za vidole, bila brashi. Mwaka 2015 kazi za Bela, Pilipili na Mwenze zilionyeshwa Paris, katika Fondation Cartier. Kama vidole vya mlinzi viliachwa huru vikazaa kazi ya namna hiyo, kwa nini vidole vya mtoto mwenye ulemavu vihukumiwe kabla havijagusa rangi?

Nchini Marekani jibu limeshapatikana. Judith Scott, mwenye trisomia 21 na kiziwi, alifungiwa katika taasisi kwa miaka kama 35. Mwaka 1987 alipelekwa kwenye atelie ya Creative Growth, Oakland. Karibu miaka miwili hakuonyesha hamu. Kisha akaanza kuzungushia vitu nyuzi za rangi, na mwaka 2014 makumbusho ya Brooklyn yalifanya maonyesho ya kazi zake. Alihitaji mahali, vifaa na watu wasiokata tamaa mapema.

Wengine watasema: shule hazina madawati, rangi za nini? Wasahau rangi za dukani kwanza. Huko Makwacha, si mbali na Lubumbashi, wanawake hupamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi. Likasi ina udongo, ina shaba na malakiti, na mafundi wake wanajua kuzitumia. Jambo moja tu lisisahaulike: udongo usichukuliwe katika mgodi uliofungwa.

Pesa pia zipo. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa maeneo ya migodi. Kamati zinazogawa pesa hizo Likasi na Kambove zinaweza kulipia mwalimu na chumba kimoja cha masomo kila wiki. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu inawapa msingi.

Maonyesho yafuate, lakini yasiwe sherehe ya huruma ya tarehe 21 Machi, siku ya dunia ya hali hiyo, ambapo wakubwa wanapigwa picha na kuondoka. Kila kazi iandikwe jina la aliyeifanya, iwekewe bei, na pesa zimfikie yeye. Mama hataishi milele. Siku atakapoondoka, mtoto aliyefichwa atabaki mgeni katika mtaa wake mwenyewe. Yule ambaye kazi yake imetundikwa ukutani atakuwa na watu wanaomjua kwa jina.