Chanjo ya mbwa Mabalako isisubiri mtu ang'atwe

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Mangina, katika eneo la afya la Mabalako, ndiko ilikoshika kwanza. Chanjo iliyopelekwa huko ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 au zaidi chini ya sifuri, na bado ilifika. Ya kichaa cha mbwa inahitaji jokofu la kawaida tu. Kwa nini isifike?

Kichaa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika; Serengeti, Tanzania, kampeni za vijijini zimekipunguza.

Kila kaya izijue dalili: mbwa mpole anageuka mkali ghafla, udenda unamtiririka, taya linalegea, miguu ya nyuma inayumba. Mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.



Serikali ya jimbo ipange siku za chanjo ya bure Mangina, Beni na Butembo, kila mwaka.