Benzi Kuukuu Hula Kama Mpya

Kuna swali lisiloisha kuulizwa pindi familia inapomaliza kukusanya akiba ya gari: kwa nini tununue kijigari kidogo cha juzijuzi, ilhali kwa pesa hizo hizo, au hata pungufu, tunaweza kupata Mercedes-Benz? Swali lina utamu wake. Katika nchi ambayo wakubwa walibandikwa jina la Wabenzi muda mfupi tu baada ya uhuru, nani hapendi kuteremka kutoka gari hilo mbele ya wakwe?

Basi tuizungumzie hasa ile ambayo mafundi huiita W124. Ilianza kuundwa Ujerumani mwaka wa 1984, na saluni yake ikakoma 1995. Utaitambua kwa waipa moja tu mbele, inayofagia asilimia 86 ya kioo. Kwa kuwa sheria ya Kenya haikubali kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, karibu zote unazoonyeshwa leo zimekula lami yetu zaidi ya miaka 20, na zimepita mikononi mwa wenyewe wengi.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni hili. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Benzi ile sasa inauzwa bei ya bodaboda kadhaa, ilhali giaboksi yake bado ni ya gari la waziri. Ndiyo maana utamwona mzazi aliyechukua mkopo wa ushirika mwezi Agosti. Shule zikifunguliwa, gari liko juu ya mawe kwa fundi na karo ya watoto imo ndani yake. Mimi hushauri hivi: pesa ulizo nazo zigawe mafungu matatu, ununue gari kwa mafungu mawili, na la tatu ulifiche kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kama fungu hilo halipo, chukua kile kijigari kidogo, wala usione haya.

Kuhusu injini, 200E na 230E zenye silinda 4 zinatosha familia. 300E ina silinda 6, na ni tamu barabarani, ila wauza petroli watakujua kwa jina. Zile za mwisho, za 1993 hadi 1995, zina kasoro yake: nyaya nyingi za injini zilivikwa ngozi isiyostahimili joto, ikapukutika na kuacha shaba uchi. Uliza kama zimebadilishwa, na uonyeshwe.

Lakini ninalotaka kulikazia ni maji. Silinda hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu, na ikichemka sana hupinda. Sasa, wapo mafundi ambao gari likichemka dawa yao ni moja tu: kung'oa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kweli gari huenda likatulia siku mbili tatu. Lakini injini itakuwa ikifanya kazi baridi, ikinywa petroli zaidi na kusagika mapema, na rejeta iliyoziba ingali imeziba. Kisha humiminiwa maji ya mfereji matupu, yanayokula aluminiamu na kuacha magamba ndani. Tia kulanti, rafiki yangu. Tena shingo ya rejeta yenyewe ni ya plastiki. Ikizeeka hukatika ghafla, na aghalabu haichagui mbele ya gereji bali mwinuko wa Mai Mahiu, watoto wakiwa ndani. Kama hujui rejeta iliwekwa lini, anza na hiyo kabla ya redio na rangi.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta vipuri, beba mkononi kile kilichoharibika ukakilinganishe. Vya bandia viko, na pakiti huwa nzuri kuliko kilichomo. Kipuri halisi kilichotumika mara nyingi hushinda kipya cha bandia, ila kwa breki usijaribu bahati.

Usilipe hata senti kabla ya kupekua rekodi za NTSA na kulinganisha nambari za fremu na za injini, maana injini nyingi zilikwisha badilishwa. Na bima: kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu. Ukigonga, aliyegongwa atafidiwa, wewe utabaki na vyuma.

Siku ya kulikagua, nenda asubuhi na mapema na fundi wako, si wa muuzaji, na uagize gari lisiwashwe kabla hujafika. Likiwashwa, sikiliza kama cheni ya ndani inapiga kelele, na utazame moshi: wa samawati ni oili inayoungua, mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, aga uende zako. Lakini kabla ya yote hayo, ufikapo tu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mwambie utarudi kesho.