Kesi ya Mhandisi "Asiyeajirika"

Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi ni mtu wa Suji, na leo nina kesi.

Limezoeleka neno moja kwenye hotuba na makongamano ya ajira: kwamba wahitimu wetu wa uhandisi "hawaajiriki". Husemwa na wakubwa walio meza kuu, huku kijana mwenyewe ameketi mstari wa nyuma na bahasha ya vyeti mapajani. Nasema ameshitakiwa asiyehusika. Walioshindwa ni wale waliopaswa kumkabidhi kazi, wakamkabidhi ushauri.

Dawa anayopewa tunaijua: semina ya siku mbili ya kuandika wasifu, kujibu maswali ya usaili na kujiamini. Sina ugomvi na wasifu ulioandikwa vizuri. Lakini mtu hawi mhandisi kwa kujieleza. Huwa mhandisi anapokabidhiwa kitu kinachoweza kuharibika mikononi mwake, huku yupo mkubwa wa kumkagua na kutia saini.

Kwetu Upareni jambo hili halihitaji profesa. Tuna ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokusanya maji ya mfereji usiku, ili asubuhi yakifunguliwa yawe na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Ufundi huu wa mifereji ulikuwapo kabla ya Wajerumani. Hakuna aliyejifunza kuutunza kwa kusimuliwa. Kijana huanza kwa kuzoa tope siku ya msaragambo, akaziba mfereji unaovuja, akaonyeshwa maji yanapopenda kuchimba tuta, mpaka siku anaachiwa kufungua maji mwenyewe. Akikosea, shamba la mtu linakauka, na mwenye zamu anamjua kwa jina. Mzee wa kumuuliza naye yupo, hatua chache tu kutoka pale.

Sisemi ndiva itoshe. Mgandamizo wa maji ndani ya bomba, uimara wa tuta, uwiano wa zege, hayo yanataka chuo. Ninachosema ni kwamba chuo peke yake hakijawahi kutosha, na nchi hii ililijua hilo zamani. Kitivo cha Uhandisi kilianza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo yakawa sehemu ya masomo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa SEAP, ambapo mhitimu hufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Ni mpango mzuri. Tatizo ni mlango wake: nafasi zenye msimamizi wa kweli na posho ya kujikimu ni chache kuliko vijana wanaobisha hodi.

Hata aliyepata nafasi anaweza asipate kazi. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa mafunzo katika ofisi moja mjini. Wiki nane nilitoa fotokopi na kuwanunulia wakubwa chapati. Kitabu changu cha kumbukumbu kilisainiwa kurasa zote siku ya mwisho, kwa kalamu moja, na aliyesaini hakusoma hata ukurasa mmoja. Mtu wa namna hiyo akisimama kesho kusema wahitimu hawajui kazi, tumuulize yeye alimfundisha nani.

Najua waajiri watajibu kwamba kufundisha kuna gharama na mkandarasi anafukuzana na tarehe. Ni kweli. Ndiyo maana gharama hiyo iandikwe kwenye mkataba. Kila mradi wa fedha za umma utaje idadi ya wahitimu, posho yao na jina la msimamizi wao, na kipengele hicho kikaguliwe kama zege linavyokaguliwa.

Na kazi zisitafutwe kwenye reli na mabwawa makubwa tu. Kuanzia Makanya kupanda hadi Suji kuna barabara inayoliwa na mvua, kuna mabomba ya maji ya mserereko, kuna mifereji inayopoteza nusu ya safari yake ardhini. TARURA ipo tangu 2017, RUWASA tangu 2019. Mhitimu apewe kalavati moja, chanzo kimoja cha maji, ndiva moja ya kukarabati pamoja na wazee wanaoijua, na miezi hiyo ihesabiwe kikamilifu katika miaka yake mitatu.

Kujifunza hakuishii kwenye muhuri. Wangu ninao, na nimekaa kwenye kumbi nyingi za semina, nikarudi nyumbani na mkoba na kalamu. Kilichonifundisha zaidi ni kurudi kwenye kalavati nililojenga, baada ya masika, kuona maji yamelifanya nini. Maendeleo ya mhandisi yapimwe pia kwa kazi alizorudi kuzitazama, na kwa vijana aliowalea wakasimama.

Kuna binti wa kwetu mwenye shahada ya uhandisi ujenzi anayeuza vocha pale Same. Baba yake aliuza shamba la kahawa ili asome, na deni la Bodi ya Mikopo linamsubiri. Msimwite asiyeajirika mtu ambaye hamjamwajiri hata siku moja. Mpeni mfereji, mpeni msimamizi, mpeni posho ya kula. Ikipita miaka mitatu na bado hajui kazi, niiteni. Nitakuja kutoa ushahidi upande wenu.