Mgongo Haulazwi

Hakuna ugonjwa wenye waganga wengi kama ugonjwa wa mgongo. Mtu akishikwa na homa, jirani atamwambia aende zahanati akapime malaria, basi. Lakini mtu akishikwa na kiuno, kila apitaye njiani ana agizo lake. Wa kwanza atasema alale chali juu ya ubao wiki nzima. Wa pili atasema hizo ni figo, anywe dawa za mkojo. Wa tatu atamshika mkono ampeleke duka la dawa akachomwe sindano. Wa nne atashauri aumikwe kwa pembe au achanjwe chale kiunoni. Wa tano, ambaye amewahi kukaa mjini, atamwambia auze mbuzi wawili akapigwe picha. Nimeishi zaidi ya miaka sabini katika nyanda hizi za juu za Kigoma, kati ya Kasulu, Kibondo na Mtendeli, nami nathubutu kusema kwamba mashauri hayo yamewalemaza watu ambao jembe peke yake lisingewalemaza.

Mimi si tabibu. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Lakini chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kwamba jibu lisilo sahihi halipati alama kwa sababu tu darasa zima limelikubali. Ndiyo maana nasimama hapa na kalamu nyekundu.

Kosa la kwanza ni kulala. Tumezoea kuamini kwamba kiungo kinachouma lazima kipumzishwe mpaka maumivu yaishe. Kwa mfupa uliovunjika ni kweli. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno si kweli. Mwaka 1995 matabibu wa Finland walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki walioshikwa na kiuno ghafla. Kundi moja liliamriwa kulala siku 2, la pili likapewa mazoezi ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni wale wa kundi la tatu, na waliochelewa kuliko wote ni wale waliolazwa. Siku 2 tu, ndugu msomaji! Sisi tunamlaza mtu wiki 3, misuli yake inalegea, viungo vinakakamaa, halafu akisimama na kuumia upya tunasema, "Unaona? Alikuwa hajapona."

Kosa la pili ni kuzisingizia figo. Huku kwetu maumivu ya kiuno na figo yamekuwa kama majina mawili ya kitu kimoja. Figo zenyewe zimekaa juu zaidi, nyuma, karibu na mbavu za mwisho, na zikiugua aghalabu huja na dalili zake: homa, kutapika, mkojo wenye damu au unaochoma. Mkulima aliyeinama shambani tangu alfajiri, akainuka adhuhuri akiwa ameshika kiuno, na mkojo wake ni mweupe na mwili wake hauna homa, ana kila sababu ya kuuma kiuno bila figo zake kuhusika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya watu 100 wanaoumwa mgongo wa chini, takriban 90 hawana ugonjwa mmoja mahsusi unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Maumivu yao ni ya kweli, ila hayana jina la kutisha.

Kosa la tatu ni ibada ya sindano. Watu wetu wanaamini kwamba dawa isiyochoma si dawa. Sikatai kwamba diklofenaki na ndugu zake zina nafasi yake. Kwa siku chache, na kwa ushauri wa mtaalamu, zinaweza kumpunguzia mtu maumivu akaweza kutembea. Lakini nimeona watu wanaozimeza kila siku mwaka mzima kama chumvi ya mboga. Dawa hizo zikizidi hutoboa tumbo na huharibu figo. Tazama kichekesho hiki: mtu asiye na ugonjwa wa figo anaambiwa ana figo, anapewa dawa za maumivu miezi mingi, mwishowe anazipata hizo figo alizosingiziwa. Nayo sindano ikichomwa takoni mahali pasipostahili inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, mtu akabaki akiburuta unyayo.

Kosa la nne ni kuamini kwamba picha ndiyo itakayosema ukweli. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya uchunguzi wa picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikwisha kuonyesha kuchakaa kwa zile sahani laini zilizo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Maana yake ni kwamba kuchakaa huko ni kama mvi: kuko pale, lakini si lazima kuwe ndiko kunakouma. Mzee anayeuza mbuzi ili aambiwe kwamba mgongo wake ni wa kizee amenunua kwa bei ghali habari aliyokuwa nayo. Ubaya zaidi ni kwamba akishaambiwa "pingili zimesagika", huogopa hata kuinama kufunga kamba ya kiatu, na hofu hiyo humfunga kuliko maumivu.

Hapa najua nitapingwa, na anayenipinga ana haki ya kusikilizwa. Atasema: "Mwalimu, unatuambia tusilale, tutembee. Mke wangu hutembea kutwa. Huteka maji, hubeba kuni, hulima maharage na mihogo, na mgongo unamuuma vilevile. Hayo mazoezi yako ni ya watu wa ofisini." Ni hoja nzito, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Jibu langu ni kwamba migongo ya kijiji hiki imegawanyika mara mbili. Iko migongo inayougua kwa kukaa, na iko migongo inayougua kwa kulemewa. Mwanamume anayeshinda kwenye bao chini ya mwembe, na mwendesha bodaboda anayekunja mgongo kutwa, wanahitaji kutembea. Australia walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2024, likihusu watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo mpaka kufikia dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, walikaa kama siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiofundishwa walikaa kama siku 112. Kutembea hakuuzwi dukani, labda ndiyo maana hakuna anayekutangaza.

Lakini mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani, ambayo ni kilo 20 za maji, na mtoto mgongoni, hana haja ya kuambiwa atembee. Yeye anahitaji mzigo upungue. Kumlaza kitandani ni kosa, na kumwacha na mzigo uleule ni kosa lingine. Mwache aendelee na kazi nyepesi, na kazi nzito ichukuliwe na mtu mwingine. Katika kila kaya niliyopita, mtu huyo mwingine yupo, tena ana baiskeli. Baiskeli inayobeba mkaa kwenda mnadani inaweza kubeba madumu ya maji. Nasema haya nikijua baadhi ya wazee wenzangu watanuna. Wanune. Mume anayetoa fedha za sindano kila mwezi na hatoi mkono wa kuteka maji anatibu moshi huku akichochea moto.

Wala tusidhani kwamba kubadili kazi ili kuokoa mgongo ni ndoto. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe lenye mpini mfupi, usiozidi futi 2 hivi, wakishinda wameinama. Waajiri walidai kwamba bila mpini mfupi kazi haiwi nzuri. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, shauri likafika Mahakama Kuu ya jimbo, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku. Mboga ziliendelea kuota. Dawa haikuwa sindano, ilikuwa mpini. Sisi mpini tunachonga wenyewe, na miti tunayo. Nani amewahi kumpima mkewe au binti yake urefu kabla ya kuchonga mpini wa jembe lake?

Baada ya kusema kwamba maumivu mengi ya mgongo si ya kutisha, ni lazima niseme juu ya yale machache yanayotisha, kwa sababu yaleyale mazoea yetu ndiyo yanayoyaficha. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alitibiwa "figo" miezi saba, akihama kutoka duka moja la dawa hadi jingine. Alikuwa akikonda na kutokwa jasho usiku. Pingili moja ikaanza kuchomoza mgongoni kama fundo. Alipofikishwa hospitali miguu ilikwisha kukataa kumbeba. Kilikuwa kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bure nchini kwetu. Alitibiwa na leo yu hai, ila anatembea kwa gongo. Miezi saba ile hakuna atakayemrudishia.

Basi dalili hizi zishikwe kichwani kama jedwali la kuzidisha. Maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu. Sehemu za siri zikifa ganzi. Mkojo au choo kikiziba au kikitoka bila hiari. Mtu akiwa ameanguka kutoka juu au amewahi kuugua saratani: asingoje mtu kesho, aende hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeyabandika maradhi jina la uongo humuuguza mwenzake.

Kwa wengine wote, njia ni nyepesi kuielezea. Siku ya kwanza na ya pili jilaze saa chache ukizidiwa, kisha inuka. Tembea uani, kesho fika barabarani, keshokutwa fika mbali zaidi. Ukihitaji dawa ya maumivu, itumie siku chache tu. Kukandwa kwa maji ya moto au kuchuliwa na mkono mpole hakuna ubaya, mradi usikubali kukanyagwa wala kuvunjwavunjwa. Mzigo mmoja mkubwa ugawe safari mbili, na unapouinua uweke karibu na kifua. Mkanda wa kiunoni usikudanganye. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mikanda hiyo isitumiwe kwa maumivu ya muda mrefu, na badala yake likapendekeza mafunzo kwa mgonjwa na mazoezi. Kwa wengi nafuu kubwa huja ndani ya wiki 6. Isipokuja, mwone mtaalamu.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyesema kwamba mambo ya afya ni magumu mno kwa mkulima. Tuliofanya yale kwa malaria na vyoo tunashindwaje kuyafanya kwa mgongo, wakati kila kitu tulimacho, tubebacho na tujengacho hupitia hapo? Walimu wa shule za msingi wayaseme haya kwenye kipindi cha michezo, na wahudumu wa zahanati wayaseme siku ya kliniki. Wenye maduka ya dawa, kabla ya kushika sindano, wamwulize mgonjwa kama anakonda na kama miguu yake ina nguvu.

Nao waume wayasikie kuliko wote. Ndoo ni ileile, na kisima ni kilekile, mwenye shingo yoyote anaweza kwenda.